Akiba ya mzee nayo ifanye kazi

Tukisoma mfano wa talanta (Mt 25:14-30) tunamsema sana yule mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini. Mara chache tunatulia kwenye aya ya 27, pale bwana wake anapomuuliza kwa nini hakuiweka fedha hiyo kwa wenye kutoa riba, angalau irudi na faida. Nimeihubiri Injili hii zaidi ya miaka ishirini, na bado nilimpa mama mmoja ushauri wa yule mtumishi.

Ni mwalimu mstaafu. Alipopata kiinua mgongo alikuja ofisini baada ya Misa ya asubuhi. "Baba, hizi fedha nizipeleke wapi?" Nikamwambia aziache benki, ziko salama. Akatii. Miaka sita baadaye alirudi na taarifa ya akaunti: shilingi milioni 20 kwenye akaunti ya kawaida ya akiba, na riba ya mwaka mzima haikufika laki nne. Hakunilaumu. Alitaka tu kujua kwa nini dawa zake za presha zimepanda bei na hela yake imekaa palepale.

Lilikuwa swali la haki. Bei zikipanda kwa asilimia 3 kwa mwaka, na akiba ikipata asilimia 2, tena riba hiyo ikatwe kodi ya zuio ya asilimia 10, mzee anazidi kuwa maskini huku tarakimu zikiongezeka. Hata usalama niliousifu una kikomo: benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana hufidia hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja.

Basi tukakaa na kalamu. Benki ileile ina amana ya muda maalumu, inayolipa zaidi kwa sababu umekubali kutozigusa fedha kwa miezi kadhaa. Riba yake hujadiliwa, ila hakuna atakayekuita mjadiliane. Ulizia benki mbili tatu. Zipo hatifungani za Serikali kupitia Benki Kuu, kuanzia shilingi milioni 1, na riba hulipwa kila miezi sita. Ikiwa riba ni asilimia 12, milioni 10 humletea mzee laki sita mara mbili kwa mwaka. Lakini angalia muda: zipo za miaka 2, zipo za miaka 25. Mtu wa miaka 68 hana sababu ya kuzifunga fedha zake zote mpaka afikishe 93! Huweza kuziuza mapema, ila pengine kwa bei ya chini. Mifuko ya UTT AMIS nayo ipo, ingawa faida yake haina ahadi.

Anayekuahidi mara mbili ya fedha yako kwa miezi michache, mkimbie, hata akiwa ameshika Biblia. Mwaka 2009 tuliona DECI ilivyoanguka, upatu uliosema lugha yetu ya kupanda na kuvuna.

Nanyi watoto, Yoshua bin Sira (3:12-13) anawataka mumsaidie baba katika uzee wake hata akili zikimpungukia. Wengi tunawaona wakija mbio mafao yanapotoka. Fomu za benki zenye maandishi madogo mama anaachiwa azisome mwenyewe, na miwani yake imevunjika tangu Pasaka.

Mwalimu aliacha milioni 5 mahali pa kuchukulika upesi, kwa ajili ya hospitali. Kijana wake alisafiri kutoka Morogoro akaenda naye benki, akasoma kila ukurasa kabla mama hajasaini. Mkataba wa kwanza waliukataa, kwa kuwa muda ukiisha ulikuwa unajifunga upya wenyewe bila kumuuliza. Walirudi wiki iliyofuata, ukiwa umerekebishwa.