Sukari na Meno: Ni Kiasi au ni Mara Ngapi?
Bakteria wa mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi inayomomonyoa jino. Wataalamu wamebishana: lipi hudhuru zaidi, wingi wa sukari au kuila mara kwa mara? Utafiti wa Vipeholm nchini Uswidi, uliochapishwa mwaka 1954, ulionyesha kuwa peremende zinazonata, zikiliwa kati ya milo, huoza meno kuliko sukari inayoliwa pamoja na chakula. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilishauri pia kiasi kipunguzwe: sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku.

Mzazi, zingatia yote mawili. Punguza sukari kwenye chai, usimzoeze mtoto peremende na soda kutwa, na apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floraidi.