Saratani ya Mlango wa Kizazi: Usingoje Maumivu

Saratani ya mlango wa kizazi haianzi kwa maumivu. Huanza virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, vinapodumu mwilini na kubadilisha seli, zikazaana ovyo. Mara nyingi mabadiliko hayo huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani; kwa mwenye kinga dhaifu, miaka 5 hadi 10. Muda wote huo mwanamke huweza kujiona mzima. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa, na sehemu zenye kasoro hugeuka nyeupe. Zikitibiwa mapema, saratani huzuiwa.

Akina mama wa miaka 25 hadi 49 wanahimizwa kupimwa katika kituo cha afya kilicho karibu. Wasichana kuanzia miaka 10 hupewa chanjo bila malipo katika vituo vya umma.