Nafasi ya mpira na vipimo vya fimbo katika gofu

Nafasi ya mpira katika mchezo wa gofu ni mahali mpira unapokaa kati ya miguu ya mchezaji kabla hajaupiga. Vipimo vya fimbo ni urefu, uzito, ugumu na pembe za fimbo zikilinganishwa na mwili wa mchezaji na namna anavyopiga. Mara nyingi mambo haya mawili hufundishwa kama masomo tofauti, lakini yanategemeana. Fimbo isiyomfaa mchezaji humlazimisha kuusogeza mpira mahali pasipofaa, na mpira uliowekwa vibaya huifanya fimbo nzuri ionekane mbovu.

Suala hili ni muhimu katika Afrika Mashariki, ambako watu wengi huanza mchezo kwa fimbo za kuazima au za mtumba. Wachezaji kadhaa wa kulipwa wa Kenya na Uganda walianza wakiwa wabeba mikoba (makedi), wakijifunza kwa fimbo zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Anayejifunza hivyo anaweza kudhani hana kipaji, kumbe fimbo yake ni ndefu mno.

Maelezo yafuatayo ni ya mchezaji anayetumia mkono wa kulia. Anayetumia mkono wa kushoto hubadilisha pande.

Fimbo na mpira

Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, mpira wa gofu haupaswi kuwa na kipenyo chini ya milimita 42.67 wala uzito unaozidi gramu 45.93. Mchezaji anaruhusiwa kubeba fimbo zisizozidi 14 katika raundi moja.

Fimbo ina sehemu tatu: kishikio, mpini na kichwa. Uso wa kichwa umelala nyuma kwa pembe fulani, na pembe hiyo ndiyo inayoupandisha mpira hewani. Draiva, fimbo ndefu kuliko zote, huwa na pembe ya nyuzi 8 hadi 13 hivi na urefu wa takriban sentimita 114. Fimbo ya chuma namba 7 huwa na pembe ya nyuzi 28 hadi 34 na urefu wa sentimita 94 hivi. Weji ya mchangani huwa na pembe ya nyuzi 54 hadi 58. Pata, inayotumika kuuviringisha mpira karibu na shimo, ina nyuzi 3 au 4 tu.

Kwa nini nafasi ya mpira ina maana

Kichwa cha fimbo husafiri kwa njia ya upinde. Hushuka, hufika chini kabisa, kisha hupanda. Kwa mchezaji aliyehamishia uzito mguu wa mbele, sehemu ya chini kabisa ya upinde huwa karibu chini ya bega la kushoto. Nafasi ya mpira huamua fimbo itaukuta ikiwa inashuka, iko chini au inapanda.

Fimbo za chuma zinatakiwa kuugusa mpira kwanza na ardhi baadaye. Ndiyo maana kovu la mchezaji hodari kwenye nyasi huanza mahali mpira ulipokuwa au mbele yake kidogo, si nyuma yake. Draiva ni tofauti: mpira huwekwa juu ya kijiti, na fimbo huukuta ikiwa imeanza kupanda.

Mpira ukiwa mbele mno, fimbo huchimba ardhi kabla ya kuufikia, au huupiga kichwani ikiwa inapanda. Pia hapo fimbo imekwisha kuanza kuzunguka kuelekea kushoto, hivyo mpira huelekea kushoto. Ukiwa nyuma mno, fimbo huukuta mapema ikiwa bado inaelekea nje. Mpira huenda chinichini na mara nyingi huanza upande wa kulia.

Nafasi kwa kila fimbo

Utaratibu unaofundishwa zaidi ni huu:

- Weji na fimbo fupi za chuma: katikati ya miguu.
- Fimbo za chuma za kati, kama namba 6 na 7: mbele ya katikati kwa upana wa mpira mmoja hivi.
- Fimbo ndefu: mbele zaidi, kuelekea kisigino cha kushoto.
- Draiva: mkabala na upande wa ndani wa kisigino cha kushoto.

Wako wanaopendelea njia nyingine. Jack Nicklaus wa Marekani alifundisha kuuweka mpira mahali pamoja, karibu na kisigino cha kushoto, kwa mapigo yote ya kawaida. Upana wa miguu ndio unaobadilika kwa kusogeza mguu wa kulia. Njia zote mbili zinakubaliana kwamba mpira ufuate sehemu ya chini ya upinde wa mchezaji mwenyewe.

Vipimo vya fimbo

Urefu. Kimo peke yake hakitoshi. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuwa na mikono ya urefu tofauti. Kwa hiyo hupimwa pia umbali kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi sakafuni, mtu akiwa amesimama wima mikono ikining'inia. Kampuni ya Ping, iliyoanzishwa na Karsten Solheim nchini Marekani mwaka 1959, hutumia vipimo hivi viwili pamoja katika jedwali lake la rangi linaloonyesha pembe inayomfaa kila mchezaji.

Pembe ya ulalo. Hii ni pembe kati ya mpini na ardhi. Ikiwa sahihi, kitako cha fimbo hulala sawa wakati wa kupiga. Ncha ya kichwa ikiinuka, mpira huelekea kushoto. Kisigino cha kichwa kikiinuka, huelekea kulia.

Ugumu wa mpini. Mwenye kasi ndogo husaidiwa na mpini unaopinda kwa urahisi zaidi, na mwenye kasi kubwa huhitaji mgumu. Mpini wa grafiti ni mwepesi kuliko wa chuma.

Kishikio. Mkono wa kushoto ukikishika, ncha za kidole cha kati na cha pete zinapaswa kugusa kiganja kidogo tu. Zikizama kiganjani, kishikio ni chembamba. Zisipofika, ni kinene.

Kupima bila mashine

Wataalamu hutumia rada na kamera, lakini kuna majaribio yasiyo na gharama kubwa.

1. Mstari mchangani. Mchanga wenye unyevunyevu ufukweni mwa ziwa unafaa sana, mradi hakuna watu karibu. Chora mstari unaokatiza mwelekeo wa pigo, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, kisha zungusha fimbo fupi ya chuma bila mpira, mara kumi. Alama zinapaswa kuanza kwenye mstari au mbele yake kidogo. Zikitawanyika ovyo, tatizo ni pigo lenyewe. Zikikusanyika nyuma ya mstari kila mara, chunguza uzito uliobaki mguu wa nyuma, kisha urefu wa fimbo.
2. Kina cha alama. Alama yenye kina zaidi upande wa kisigino cha kichwa huashiria fimbo iliyosimama mno au ndefu mno. Kina zaidi upande wa ncha huashiria fimbo iliyolala mno au fupi mno.
3. Wino kwenye mpira. Chora mstari wima kwenye mpira kwa kalamu ya wino mzito, ukiuelekeza kwenye uso wa fimbo, kisha upige. Mstari huacha alama usoni mwa fimbo. Ukiwa wima, pembe ya ulalo ni sahihi. Ukiinamia upande wa ncha, fimbo imesimama mno. Ukiinamia kisigino, imelala mno.
4. Unga wa chaki. Paka uso wa fimbo unga wa chaki au poda ili kuona mpira unagusa wapi. Alama zikikaa daima upande mmoja, huenda urefu haufai au mchezaji amesimama mbali au karibu mno.

Mpangilio una maana: kwanza fimbo ichunguzwe, ndipo mpira usogezwe. Anayesogeza mpira ili kuficha kasoro ya fimbo hujenga mazoea ambayo baadaye ni vigumu kuyaacha, hata akipata fimbo nzuri.

Fimbo za mtumba na za watoto

Fimbo ya mtumba si lazima iwe mbaya. Kishikio hubadilishwa kwa gharama ndogo, na fundi mwenye kifaa maalumu anaweza kukunja shingo ya fimbo kwa nyuzi 1 au 2. Chuma kilichofuliwa hukunjika kwa urahisi. Kilichomiminwa katika kalibu kinaweza kuvunjika.

Kumkatia mtoto fimbo ya mtu mzima kuna hasara. Mpini uliofupishwa huwa mgumu zaidi, na kichwa hubaki kizito kwa nguvu zake. Mtoto hupinda mgongo na kuvuta kwa mabega, na anaweza kuumia.

Mazingira ya Ziwa Viktoria

Gofu imechezwa kando ya ziwa hili kwa zaidi ya karne moja. Uwanja wa Entebbe nchini Uganda ulianza mwaka 1901, na Kisumu nchini Kenya kuna klabu ya gofu ya Nyanza. Nchini Tanzania, viwanja vinavyotajwa mara nyingi viko Dar es Salaam, Arusha na Moshi.

Uso wa ziwa uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 10, hivyo mpira huruka mbali zaidi kwa asilimia 4 hivi. Pigo la mita 135 jijini Dar es Salaam linaweza kufika mita 140 Mwanza. Anayepimiwa fimbo pwani hana haja ya kubadilisha urefu au pembe ya ulalo akirudi ziwani. Ajue tu umbali mpya wa kila fimbo.

Upepo nao una zamu zake. Mchana kwa kawaida huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hadi alfajiri hugeuka. Ili kupiga chini ya upepo, mchezaji huchukua fimbo ndefu zaidi, huusogeza mpira nyuma kwa upana wa mpira mmoja, na hupiga kwa upole. Upepo ukitulia, mpira hurudishwa mahali pake pa kawaida.