Je, Wajua? Kijiti cha Oili ya Giaboksi Kina Masharti Yake

Je, wajua kwamba gari lile lile, lenye oili ile ile, linaweza kukupa vipimo vitatu tofauti vya oili ya giaboksi katika asubuhi moja, na kisiwepo hata kimoja cha uongo? Kabla hujawasha, kijiti kinaonyesha oili imepita alama ya juu. Ukiwasha, inashuka. Ukirudi kutoka sokoni na injini ikiendelea kunguruma, imepanda tena. Hakuna aliyeongeza wala kupunguza tone.

Oili ya injini imetuzoesha vibaya. Ile unazima gari, unasubiri ishuke, unachomoa, unafuta, unachovya, unasoma. Wenye RAV4, Harrier, CR-V, X-Trail au Forester wengi hudhani giaboksi ya otomatiki hupimwa vivyo hivyo, halafu wanashangaa kwa nini wameambiwa waongeze lita nzima wakati gari halina tatizo lolote.

Chanzo kimojawapo ni pampu. Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, oili iliyokuwa juu kwenye mifereji na klachi huteremka kwenye sampo, na kijiti kinaishia humo humo. Injini ikiwaka, pampu huivuta na kuipeleka kazini, na kiasi kinachobaki chini ndicho watengenezaji wengi wanachotaka ukisome. Chanzo kingine ni joto. Giaboksi yenye lita 8 ikitoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi 80, ujazo wa oili yake huongezeka kwa karibu theluthi moja ya lita. Kwenye kijiti chembamba, theluthi ya lita si jambo la kupuuza.

Ndiyo maana vijiti vya Toyota za zamani vina sehemu mbili, COOL na HOT. Ile ya COOL ni ya kukadiria tu. Hukumu iko kwenye HOT, nayo inasomwa oili ikiwa nyuzi 70 hadi 80, yaani baada ya gari kutembea vya kutosha, si baada ya kunguruma uani kwa dakika mbili. Usidanganywe na mshale wa joto kwenye dashibodi: unapima maji ya rejeta, na giaboksi huchelewa kupata moto kuliko injini.

Tuchukue RAV4 ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2000, maana ndiyo ingali imejaa mitaani kwetu. Gari liwe mahali tambarare, handibreki juu, mguu kwenye breki, injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta. Pitisha mkono wa gia polepole kutoka P hadi L, ukitua kidogo kila kituo ili oili iingie kwenye klachi zote, kisha urudishe P. Fungua boneti bila kuzima. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka kizame chote, chomoa tena. Sasa tazama pande zake mbili. Mara nyingi upande mmoja utaonyesha oili juu zaidi kwa sababu kijiti kimejipaka kwenye ukuta wa bomba wakati wa kutoka. Unaoaminika ni upande ulio chini. Na unapofuta, usitumie tambara linaloacha nyuzi. Giaboksi inaongozwa na vali nyembamba zinazoteleza kwenye matundu yaliyochongwa kwa vipimo vya karibu mno, na uzi mmoja wa pamba unaweza kuikwamisha mojawapo.

Sasa sahau yote hayo ikiwa lako ni Honda. CR-V za vizazi vya mwanzo hupimwa injini ikiwa imezimwa. Unaliacha lipate moto mpaka feni ya rejeta iwake, unalizima, unasubiri angalau sekunde 60 lakini zisipite 90, ndipo unachomoa. Fundi aliyezoea Toyota akiipima CR-V huku inanguruma, ataiona oili imepungua, ataongeza, na atakuwa ameijaza kupita kiasi kwa nia njema kabisa.

Wengine nao wana mila zao. Jeep Grand Cherokee za miaka ya 1990 hupimwa mkono wa gia ukiwa N, si P. Nissan X-Trail yenye CVT (giaboksi ya mkanda na puli) iliyoanza kuuzwa mwaka 2007 inataka oili iwe kati ya nyuzi 50 na 80, injini ikiwaka. Subaru Forester za zamani zenye gia nne ndizo zenye mtego hasa: chini ya boneti kuna kijiti cha oili ya injini, kuna kijiti cha giaboksi, na upande wa pili kuna kijiti kingine cha difu ya mbele, ambayo ina oili yake peke yake, nzito, ya gia za kawaida. Anayekichukulia kijiti cha difu kuwa ndicho cha giaboksi atamimina oili nyepesi nyekundu kwenye meno ya difu, na difu haitalalamika siku hiyo. Italalamika baadaye, kwa mlio.

Je, wajua oili ya giaboksi ni nyekundu kwa nini? Ni rangi tu iliyotiwa, ili tone likionekana sakafuni ujue halikutoka kwenye injini. Haina kazi nyingine, na hufifia kabla oili yenyewe haijachoka. Kwa hiyo mtu asikuogopeshe kwamba oili imekufa kwa vile tu haing'ai kama ilivyokuwa dukani. Chukua tishu nyeupe, dondoshea tone moja kutoka kwenye kijiti, uiache kwa muda. Oili yenye uhai itasambaa, na katikati pabaki wekundu au uhudhurungi mwepesi. Iliyochoka haisambai vizuri. Inaacha doa jeusi katikati, na ukiinusa ina harufu ya kuungua. Chembe chache laini za kijivu ni za kawaida kwa gari la umri, lakini ukihisi mchanga kati ya vidole, au ukiona vipande vinavyometa, hapo si suala la oili tena.

Kuna rangi moja ya kukusimamisha hapo hapo: waridi lililopauka, zito, lenye povu. Hayo ni maji ya rejeta yaliyoingia kwenye oili. Magari mengi huipoza oili ya giaboksi kwa kuipitisha kwenye kipozeo kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta, na ukuta kati ya vimiminika hivyo viwili ukitoboka, vinachanganyika. Klachi za otomatiki zina bitana zilizogundishwa kwa gundi, na maji huibandua. Gari la namna hiyo halipelekwi kwa fundi likiendeshwa.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi oili hii ilikuwa na nyangumi ndani yake? Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ilizindua Hydra-Matic, giaboksi ya kwanza ya otomatiki kamili kutengenezwa kwa wingi, katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Mnunuzi aliipata kwa nyongeza ya dola 57. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto iliingizwa hata kwenye vifaru: kifaru chepesi cha M5 kilikuwa na injini mbili za Cadillac na Hydra-Matic mbili. Mwaka 1949 General Motors ikaweka kiwango cha oili kilichoitwa Type A, na miongoni mwa viungo vyake yalikuwa mafuta ya yule nyangumi mwenye kichwa kikubwa cha mraba. Mafuta hayo yalistahimili joto na yalizifanya klachi zishike kwa ulaini, bila kugutua gari. Mwaka 1970 Marekani ilimwingiza nyangumi huyo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na sheria za 1972 na 1973 zikakaza kamba zaidi. Wakemia wakalazimika kutafuta mbadala kwa haraka. Mmoja uliopigiwa debe ni mafuta ya mbegu za jojoba, kichaka cha jangwa la Sonora, mpakani mwa Marekani na Mexico.

Kilichomwokoa nyangumi kiliwaachia wenye magari kazi ya kusoma lebo. Kila mtengenezaji alikwenda na kiwango chake. Toyota ilikuwa na T-IV, kisha ikaja WS iliyo nyepesi zaidi, na moja haiwekwi mahali pa nyingine. Honda ilikuwa na Z1, baadaye DW-1. Nissan ina NS-2 na NS-3 kwa CVT zake. Zisimame zote kwenye rafu moja ya duka la spea, Kariakoo au Kirinyaga Road, na macho hayatakusaidia sana kuzitenganisha. Kauli ya "nyekundu ni nyekundu, weka tu" imeua giaboksi nyingi kuliko ubovu wa barabara. Hilo ni neno langu, lakini fundi yeyote wa giaboksi asiyeuza oili atakuunga mkono. Uzuri ni kwamba mara nyingi Toyota huandika aina ya oili juu ya kijiti chenyewe. Gari lililokuja kutoka Japani na kitabu cha Kijapani, au bila kitabu kabisa, bado linaweza kukuambia linakunywa nini.

CVT inastahili aya yake. Humo hamna gia za kupanda na kushuka. Kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili za chuma, na nguvu yote ya gari hupita pale vyuma vinapogusana. Tumezoea kudhani kazi ya oili ni kutelezesha. Oili ya CVT inatakiwa ifanye kinyume chake kwa wakati huo huo: ilinde chuma kisilike, na bado ihakikishe chuma kimekamata chuma. Ukiweka oili ya kawaida ya otomatiki, mkanda unateleza, unachuna puli, na puli ikishachunwa haina dawa ya chupa.

Wazo la kupitisha nguvu ya injini kwenye kimiminika halikuanzia barabarani. Mjerumani Hermann Föttinger aliisajili hataza yake mwaka 1905 akiwa na meli akilini: alitaka kuunganisha tabo inayokwenda kasi sana na rafadha inayotakiwa kwenda polepole. Kile chombo cha mviringo kinachokaa kati ya injini na giaboksi ya gari lako, mfano wa kitumbua kikubwa cha chuma, ni mjukuu wa fikra hiyo. Kinashika oili nyingi, na haitoki unapofungua nati ya kumwagia. Ndiyo sababu fundi akimwaga oili ya giaboksi hutoka nusu tu, au pungufu ya nusu, na iliyobaki huchanganyika na mpya. Hajakuibia.

Je, wajua oili hii haiishi? Injini inaweza kuchoma oili kidogo kidogo na ikawa jambo la kawaida kwa umri wake. Giaboksi haichomi wala hainywi. Kama kipimo kimefanywa sawasawa na oili imepungua, basi imetoka mahali fulani: sili ya ekseli, gaskiti ya sampo, bomba la kwenda rejeta. Kuongeza bila kutafuta panapovuja ni kununua oili ya kumwaga barabarani. Kuzidisha nako kuna adhabu yake. Oili ikipanda mpaka ikafikia gia zinazozunguka, inapigwa na kuwa povu, povu linabonyea, shinikizo linashuka, na klachi zinaanza kuteleza. Dalili zake ni zile zile za oili kuwa kidogo, kwa hiyo asiyepima huongeza nyingine.

Magari mapya zaidi yameondoa kijiti kabisa. Prado zenye gia tano za otomatiki hazina, na RAV4 za gia sita hazina. Kipimo chake ni tundu la chini: gari linanyanyuliwa likiwa tambarare kabisa, injini inawaka, oili inasubiriwa ifike karibu nyuzi 40, nati inafunguliwa, na kiasi sahihi ni pale mtiririko unapokuwa matone. Joto husomwa kwa kompyuta ya fundi. Kwa nyumbani, na jeki moja ya pembeni, kazi hiyo iache. Wapo wauzaji wanaosema oili ya giaboksi hizi zilizofungwa ni ya maisha. Hawasemi ni maisha ya nani. ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi za magari mengi ya Ulaya, yenyewe inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, hata pale muuzaji wa gari alipoandika kwamba haibadilishwi.

Mwenye gari la namna hiyo anaweza bado kulichunguza bila kufungua nati yoyote. Tandika boksi jeupe chini ya gari usiku, na asubuhi utazame kama kuna tone jekundu na limeangukia wapi. Sikiliza pia muda kati ya kuweka D na gari kuitika, hasa asubuhi. Likianza kuchelewa kuliko ilivyokuwa, lipeleke kabla halijaanza kuteleza mlimani. Na likikufia njiani, likumbuke lile jambo la pampu. Injini ikiwa imezimwa, pampu haizunguki, na gari likivutwa kwa kamba magurudumu yanazungusha vyuma ambavyo havipati oili. Muulize mwenye breki dauni kama ana ya kubebea mgongoni. Kama ana ndoano tu, na gari lako ni la kuendesha magurudumu yote manne, msubiri mwingine.