Injini ya Mtumbwi Ikikataa Kuwaka

Sisi wavuvi wa Ziwa Victoria tunaijua shida hii. Mko mbali na mwalo, upepo umeanza, nawe unavuta kamba ya injini, haiwaki. Unavuta tena mpaka mikono inatoka malengelenge. Acha kwanza! Kamba ikikatika utafanyaje?

Usiku mmoja tulihangaika karibu saa nzima. Mwenzetu akataka kufungua injini yote kwa mwanga wa kurunzi. Kumbe skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi ilikuwa imefungwa. Hewa isipoingia tangini, petroli haitoki. Tuliona aibu.

Basi anza na vitu vya nje. Gia iwe fri. Kile kidude cha kuzimia, chenye kamba, kiwe mahali pake. Fungua skrubu ya hewa. Minya bonge la mpira lililo kwenye bomba la mafuta mpaka liwe gumu. Likibaki laini, mafuta hayaji: tangi ni tupu, au bomba limepasuka, au halikukazwa.

Bado? Sasa zima sigara na karabai. Mvuke wa petroli hukaa chini ndani ya mtumbwi, nao hushika moto upesi sana. Kisha toa kidude cha kuzimia, ufungue plagi. Ishike vizuri, isije ikatumbukia ziwani.

Plagi ndiyo itakayokuambia ugonjwa. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika, ila pengine yamezidi kwa sababu ulivuta choki mno. Rudisha choki. Vuta kamba mara tano plagi ikiwa nje, mafuta yaliyozidi yatoke. Ifute plagi, uirudishe, urudishe na kidude, ujaribu tena. Ikiwa ina masizi, weka mpya. Plagi ya akiba na spana yake visikose mtumbwini.

Tena, petroli ya madumu huweza kuwa na maji. Kabla ya kuondoka mwaloni mimina kidogo katika chupa ya kioo, ungoje. Maji yatakaa chini, petroli juu. Maji hayo yakiingia kwenye kabureta, utavuta kamba bure.

Kama plagi ni nzima, mafuta ni safi, na injini bado iko kimya, shikeni makasia. Ya ndani ni kazi ya fundi, tena nchi kavu.