Pipa Tupu la Petroli

Asubuhi ya 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na watu wakalikimbilia na madumu kuchota petroli. Moto uliozuka uliua zaidi ya watu 100.

Petroli ya majimaji yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, nao hutoka wa kutosha hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sembuse jua la Morogoro! Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo hutambaa ardhini, ukatulia mitaroni, ukaifuata cheche mbali na palipomwagika mafuta.

Ili ulipuke, mvuke huo lazima uwe takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya mchanganyiko wake na hewa. Ukipungua, mafuta hayatoshi. Ukizidi, hewa haitoshi. Ndiyo maana pipa lililomiminwa likabaki na unyevunyevu linatisha kuliko lililojaa. Katika pipa la lita 200, petroli ya kijiko kimoja hivi cha chakula, ikigeuka mvuke yote, inatosha kufika kiwango cha hatari. Cheche inayohitajika ni ndogo kuliko ile inayomshtua mtu kidoleni anapovua nguo ya nailoni. Ndani ya chombo kilichofungwa, shinikizo la mlipuko hufika kama mara nane ya lile la hewa ya kawaida, na bati la pipa haliwezi kulihimili.

Hata tanki la ndege huweza kulipuka hivyo. Tarehe 17 Julai 1996, ndege ya shirika la TWA, Boeing 747 iliyotoka New York kwenda Paris, ililipuka angani dakika 12 baada ya kuruka. Watu wote 230 walikufa. Tanki lake la katikati lilikuwa karibu tupu, na mitambo ya kupoza hewa iliyo chini yake ilikuwa imelipasha joto. Marekani baadaye ilidai mvuke wa mafuta ndani ya matanki udhibitiwe, na ndege nyingi sasa hujaziwa naitrojeni kwenye tanki.

Fundi anayechomelea pipa tupu hana naitrojeni. Kusuuza pipa mara moja hakumsaidii, kwa kuwa mafuta hujificha kwenye mikunjo ya bati. Hata la dizeli, ambayo kwenye joto la kawaida haitoi mvuke wa kutosha kuwaka, humgeuka: moto wa kuchomelea ukigusa bati, mabaki ya ndani huanza kufuka.