Mechi saba, kilomita 10,000: Kabla ya jezi, gari liende gereji

JULAI 13, 2014 pale Maracanã, Mario Götze aliutuliza mpira kifuani dakika ya 113, akafunga, na Ujerumani ikawaliza Argentina 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Hilo kila shabiki analikumbuka. Kilichosahaulika ni magari yaliyokuwa yameegeshwa kilomita chache kutoka uwanjani.

Sambódromo, mahali ambapo Rio de Janeiro hufanyia maonyesho ya samba, palikuwa pamegeuka kambi. Mabasi makuukuu, vipanya na Kombi za Volkswagen zenye namba za Argentina vilijipanga, godoro ndani, bendera dirishani. Jiji lilifungua eneo hilo kwa sababu Waargentina walikuwa wamefurika hadi ufukwe wa Copacabana. Wengi hawakuwa na tiketi wala hoteli. Walikuwa na gari tu.

Sasa fuata ratiba yao uone shughuli. Argentina ilianzia Rio dhidi ya Bosnia, ikaenda Belo Horizonte kucheza na Iran, ikashuka kusini kabisa Porto Alegre kwa Nigeria, ikapanda São Paulo kwa Uswisi, Brasília kwa Ubelgiji, ikarudi São Paulo kwa Uholanzi, ikamalizia Rio. Shabiki aliyetoka Buenos Aires, akafuata mechi zote saba kwa barabara na kurudi nyumbani, alitembea zaidi ya kilomita 10,000. Zote ndani ya mwezi mmoja na ushee.

Na Kombi siyo gari la mbio. Ile ya zamani ya injini ya 1600 ina nguvu ya farasi wapatao 50. Ukiipakia watu, maji na jiko, ikifika kilomita 80 kwa saa mshukuru Mungu. Ilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1950, mwaka uleule Brazil ilipoandaa Kombe la Dunia mara ya kwanza. Kiwanda cha São Bernardo do Campo, Brazil, kiliacha kuiunda Desemba 2013 baada ya sheria mpya kudai mifuko ya hewa na breki za ABS. Miezi sita baadaye Brazil ikaandaa Kombe la Dunia la pili.

Gari la namna hiyo linafikaje? Halifiki kwa rangi mpya. Hapa ndipo mashabiki wengi wanapopigwa chenga: hela ya kwanza inaenda kwenye spika, ya pili kwenye rangi za timu, breki zinaangaliwa usiku wa kuamkia safari.

Wanaozijua Kombi za injini ya kupozwa kwa hewa huanza na kitu cha bei ndogo kabisa, mipira ya petroli. Injini iko nyuma, tangi liko jirani yake. Mpira ukizeeka unapasuka, petroli inadondokea kwenye chuma cha moto, na kitanda kiko juu yake. Kombi nyingi zimeungua hivyo. Fundi anabadilisha mipira yote, anafunga klipu mpya, na kizimamoto kinawekwa karibu na dereva, siyo chini ya mabegi.

Halafu tairi. Gari lililokaa muda mrefu uani linaweza kuwa na tairi zenye sura nzuri na umri mbaya. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2315 maana yake tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2015. Likizidi miaka 10 litolewe hata kama siyo kipara. Lile la akiba nalo lisomwe, maana ndilo huwa kongwe kuliko yote.

Habari hii inatuhusu. Fainali za AFCON 2027 zimepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na vijiwe vimeshaanza kupiga hesabu za Hiace na Coaster za zamani: toa viti vya nyuma, weka magodoro, twende zetu. Wazo zuri. Dar es Salaam hadi Kampala kwa kupitia Arusha na Nairobi ni zaidi ya kilomita 1,500, kwenda tu.

Ila njia hiyo ina kipimo ambacho Dar hukioni. Gari linatoka usawa wa bahari, linafika Timboroa, kati ya Nakuru na Eldoret, zaidi ya mita 2,700 juu. Kupanda kunapima rejeta. Ile tabia ya kutoa thamostati na kujaza maji ya bomba badala ya kulanti inaweza kuvumilika Kariakoo hadi Mbagala. Milimani ni kujitafutia kulala porini.

Kushuka ndiko kubaya zaidi. Barabara hiyohiyo inapita Salgaa, eneo ambalo Wakenya wanalitaja kwa huzuni kwa ajali za magari yaliyoshindwa kusimama mteremkoni. Mafuta ya breki yananyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Yakipata moto sana unyevu unachemka, pedali inazama, gari linaenda. Yabadilishwe kila miaka miwili, na gari la zamani lisiloeleweka yalibadilishwa lini, yabadilishwe sasa. Dereva naye ashuke na gia ndogo. Anayeweka gia huru ili kubana mafuta asipewe usukani, hata kama gari ni lake.

Kuna na kadi ya njano. Safari hii unaitafuta mwenyewe: bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, inayolinda gari lako ukivuka mpaka. Bila hiyo utaishia Namanga wakati wenzako wanaimba wimbo wa taifa.

Baada ya gereji, icheze mechi ya kirafiki. Pakia kila kitu kama siku yenyewe, watu wote, madumu ya maji, mtungi wa gesi ukiwa umefungwa vizuri, kisha Dar hadi Morogoro na kurudi, karibu kilomita 400. Mkirudi, shikeni vitovu vya magurudumu kwa tahadhari. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, beringi au breki inakamata. Tandazeni boksi chini ya injini usiku kucha. Asubuhi likiwa na matone, rudini kwa fundi, ratiba ya makundi mtaiangalia baadaye.